MTO RUSIZI UNAINGIA AO UNATOKA?

Somo juu ya safari na kambi za kandokando ya ziwa letu



Vakanse kubwa iko karibu. Wengi wetu watapanda kamio ao mtumbwi wa motere pamoja na jamaa zao, watashuka kandokando ya ziwa wakipita Makobola, Swima, Mboko na Lweba mpaka Baraka, na wengine watakwenda mbele zaidi. Tunajua namna safari ile inakwendaka. Mama anafunga sufuria na blanketi, baba anahesabu watoto mara mbili, bido ya maji inamwagika juu ya unga. Kama mvua imekata njia, jamaa yote inalala pwani, wanachemsha ndakala, na asubuhi wanaendelea. Tena tunajua kwamba katika miaka ya vita jamaa nyingi zililala kwenye pwani hii si kwa kupenda kwao. Lakini mwanafunzi akirudi shuleni na kuulizwa, "Uliona nini?", anajibu: kamio ilikwama mara tatu. Ndiyo yote.

Siye wa mwaka wa sita tuliwaza kuandika somo juu ya jambo hili. Pwani hii ambayo tunapita tukisinzia juu ya mizigo, ilitoa ulizo moja lililosumbua wataalamu wa Ulaya miaka 13, na jibu la ulizo lile lilikuwa hapa Uvira tangu siku ya kwanza. Ulizo ni hili: mto Rusizi unaingia katika ziwa Tanganyika, ao unatoka?

Mtoto wa Kavimvira atatucheka. Ataona sawa tunauliza kama jua linatoka upande wa milima ya Mitumba ao upande wa Burundi. Asicheke upesi, asome kwanza.

Juu gani waliuliza

Wakati ule wataalamu wa Ulaya walikuwa wanatafuta pahali mto Nile unaanzia. Walijua kwamba unafika Misri, hawakujua unatoka wapi. Kama ziwa letu lingekuwa na mto unaotoka upande wa kaskazini, mto ule ungeweza kuwa Nile, na mtu wa kwanza kuuona angepata sifa kubwa katika dunia nzima. Kama mto unaingia, basi ziwa letu haliko mama wa Nile, na sifa inakwenda kwa mwingine. Kwa hiyo ulizo juu ya mto mmoja lilikuwa ulizo juu ya sifa ya watu. Msahau hilo, na hamtafahamu ugomvi uliofuata.

Mwezi wa pili mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji na msafara wa wapagazi kutoka pwani ya bahari. Burton alikuwa amelegea miguu hata kubebwa. Speke alikuwa na ugonjwa wa macho, ziwa lenyewe aliliona kama ukungu. Speke alivuka ziwa kumtafuta mfanyabiashara Mwarabu, Hamed bin Sulayyim, ili amkodishe dau lake. Dau hakulipata, lakini alirudi na habari: kule kaskazini kuna mto mkubwa unaotoka katika ziwa. Burton alifurahi sana.

Wakakodi mitumbwi miwili kwa Kannena, mkubwa wa Ujiji. Ule wa Burton ulikuwa na urefu wa futi 60, ndiyo mita 18 hivi, mti mmoja uliochongwa. Waliondoka mwezi wa nne, wakati wa mvua. Hebu waza safari ile: hakuna paa, mvua inawapiga mchana, usiku wanashuka pwani na kulala juu ya mchanga wenye maji. Walipanda na pwani ya Urundi, wakavuka mpaka Ubwari, kiisha wakafuata pwani ya magharibi hata kufika Uvira tarehe 26 mwezi wa nne. Burton alikuwa na vidonda vya ulimi hata kusema hawezi.

Uvira wakati ule ilikuwa kituo cha mwisho cha wafanyabiashara upande wa kaskazini. Walikuja kununua pembe za tembo, nafaka, nguo za magome ya miti, vitu vya chuma, na watumwa. Tusifiche neno hili la mwisho. Pwani ambayo leo mama zetu wanauza mikeke, watu waliuzwa.

Jibu la Uvira

Watoto watatu wa mkubwa wa Uvira (Burton anaandika jina la mkubwa huyu Maruta) walikuja kuwasalimu wageni kambini. Waliulizwa juu ya Rusizi. Wakajibu kwamba wanaujua mto ule, nao unaingia katika ziwa. Watu wengine waliokuwa pale wakasema vilevile. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba unatoka.

Kumbe kulikuwa na mtu mwingine wa maana katika habari hii, jina lake Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Mwafrika aliyechukuliwa utumwani tangu utoto, akapelekwa India, na baada ya kupata uhuru alirudi Afrika na kuwa mkalimani na mwongozi wa safari. Ni yeye aliyekuwa akitafsiria Speke maneno ya yule Mwarabu. Pale Uvira, kiisha kusikia majibu ya wenyeji, Bombay akasema kwamba Hamed naye alisema mto unaingia, na kwamba maneno yalikuwa yamechanganyika katika kutafsiri.

Tunataka kusimama hapa kidogo, sababu jambo hili linatuhusu siye wenye kusema Kiswahili. Tulifanya jaribio. Tuliwapa wanafunzi wadogo wa mwaka wa kwanza kipande cha karatasi, waandike: Rusizi inatoka wapi? Wengine waliandika "milimani", wengine "Bukavu", na wengine "inatoka ziwani". Hawa wa mwisho tulitaka kuwapa sifuri. Kiisha tukakumbuka kwamba wana haki kabisa: Rusizi inatoka ziwani, yaani katika ziwa Kivu, pale Bukavu, na inaingia ziwani, yaani katika Tanganyika, hapa kwetu. Neno moja, maziwa mawili. Hatusemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa Speke na Hamed, hakuna awezaye kujua leo. Tunasema tu kwamba mtu akisema "mto unatoka ziwani", ni lazima umwulize: ziwa lipi?

Burton alitaka kwenda kuona mlango wa mto kwa macho yake. Ilibaki safari fupi tu. Lakini wapiga kasia walikataa, waliogopa watu wa kule mlangoni, na Kannena naye hakutaka. Mwanzo wa mwezi wa tano walirudi Ujiji. Burton aliandika kwamba moyo wake uliumia.

Ugomvi wa Ulaya

Mwezi wa nane mwaka uleule Speke alikwenda peke yake kaskazini, akaona ziwa lingine kubwa, akaliita Victoria, akasema: Nile inatoka hapa. Alikuwa na haki, lakini hakuwa ameonyesha bado. Burton hakukubali. Wakawa adui.

Sasa angalieni neno la ajabu. Yule Burton aliyesikia kwa masikio yake hapa Uvira kwamba Rusizi unaingia, mwaka 1864 aligeuka na kusema labda unatoka. Alisema hakuuona kwa macho, kwa hiyo habari ya wenyeji haimfungi. Ilimfaa kusema hivyo, sababu kama Rusizi unatoka, ziwa lake linaweza kushinda ziwa la Speke. Wawili hawa walingojewa katika mkutano mkubwa katika mji wa Bath, Uingereza, mwezi wa tisa mwaka 1864. Siku moja mbele ya mazungumzo yao Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe katika uwindaji. Mpaka leo watu wanabishana kama ilikuwa ajali.

Kulikuwa na matata ya vipimo pia, na wale wanaopenda fizika wasikie. Wasafiri wale walipima kimo cha nchi kwa kuchemsha maji: kadiri unavyopanda juu, maji yanachemka mbele ya kufika digri 100. Lakini chombo chao kilikuwa kimeharibika, kikawapa kimo cha ziwa karibu mita 560. Kimo cha kweli ni karibu mita 770. Chombo kibovu kiliaminiwa na wengi kuliko watoto watatu wa Maruta, ambao hawakukosea hata kidogo.

Pikniki ya mwaka 1871

Hapa tunafika kwa safari yenyewe ambayo inafanana na safari zetu za vakanse. David Livingstone alikuwa Ujiji, mzee na mgonjwa, bila vitu. Henry Morton Stanley, mtu wa gazeti la New York Herald, alimfikia kule. Stanley mwenyewe anaandika tarehe 10 mwezi wa 11 mwaka 1871. Hawakukaa sana. Siku sita baadaye waliingia mtumbwini kwenda kutafuta jibu la Rusizi. Walitumia siku 28 kwenda na kurudi, na kati yao wenyewe waliiita safari hii pikniki.

Mtumbwi waliazimwa na Mwarabu mmoja wa Ujiji. Ulichongwa katika mti wa mvule. Ndani yake walikuwa wapiga kasia 16, mpishi Ferajji, kijana mkalimani Selim ambaye alitoka Yerusalema, waongozi wawili wa Ujiji, na wazungu wawili. Susi, mtumishi wa Livingstone, alikuwamo. Ndiye aliyekuja kuongoza pamoja na Chuma wale waliobeba maiti ya bwana wao mpaka pwani ya bahari, kiisha kifo chake mwaka 1873. Na yule Bombay wa mwaka 1858 ndiye alikuwa kapita wa watu wa Stanley.

Walifuata pwani ya mashariki, karibukaribu na nchi kavu, kama mitumbwi yetu inavyofanya mpaka leo kwa kuogopa mawimbi. Jioni wanatafuta pahali pa mchanga, wanashuka, wanapiga hema, Ferajji anapika. Si kila pahali palikuwa pa kulala. Usiku mmoja waliona watu wanawanyatia gizani kuzunguka kambi. Wakatupa vitu mtumbwini, wakausukuma majini na kwenda zao bila kelele. Pahali pengine walitozwa hongo ya nguo. Na katika kambi moja wezi waliwaibia wakiwa usingizini: risasi, mfuko wa unga, sukari yote ya Livingstone, na ile kamba ndefu ya kupimia kina cha maji. Wale wezi hawakujua kwamba waliiba kipimo. Kina cha ziwa letu pahali pa chini kabisa ni mita 1,470, na katika dunia nzima ni ziwa Baikal peke yake linalolishinda.

Livingstone mwenyewe alikuwa upande gani katika ulizo? Alipokaa Ujiji mara ya kwanza mwaka 1869 aliangalia majani yanayoelea juu ya maji, akaona yanasukumwa kwenda kaskazini. Akawaza kwamba ziwa zima linakwenda upande ule, kwa hiyo kuna mlango kule. Aliangalia vizuri, lakini alifasiri vibaya: upepo wa kusini unasukuma majani ya juu, chini maji hayaendi popote. Wavuvi wa Kalundu wangemfundisha katika dakika tano.

Walipofika mwisho wa ziwa walipokelewa na wakubwa wawili ndugu, Mokamba na Ruhinga. Stanley aliugua homa, Livingstone akamwangalia kama mtoto wake. Ruhinga alikuwa mtu wa mazungumzo. Aliwatajia jina kwa jina mito midogo inayoingia katika Rusizi, na akawaambia kwamba Rusizi yenyewe inatoka katika ziwa linaloitwa Kivo. Ziwa lile hakuna Mzungu aliyekuwa amelifikia. Lilingoja mpaka mwaka 1894, wakati von Götzen wa Ujerumani alifika. Ruhinga alitoa somo zima la jeografi bila kitabu.

Kiisha wakaingia katika mlango wa Rusizi, katikati ya matete na mamba wengi. Hakuna kazi ya siku nyingi pale. Wapiga kasia walisukuma mbele, na maji yakawasukuma nyuma. Maji yalikuwa yanakuja, hayakuwa yanakwenda. Rusizi unaingia. Miaka 13 ya mabishano iliisha kwa nusu siku.

Mbele ya kuendelea, neno moja dogo. Upande wa Burundi, pale Mugere, kusini ya Bujumbura, kuna jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley. Wengi wanasemaka kwamba ndipo walikutana mara ya kwanza. Si kweli. Walikutana Ujiji. Pale Mugere walilala siku mbili katika pikniki hii, tangu tarehe 25 mwezi wa 11. Mtu akiwaambieni neno lingine katika mtihani, msimfuate.

Kurudi kwa pwani yetu

Walirudi kwa upande wetu, magharibi. Walipita hapa Uvira, wakaonyeshwa pwani ya mchanga ambapo mitumbwi ya Burton na Speke ililala mwaka 1858. Wenyeji walikuwa wanakumbuka pahali penyewe.

Kule Ubwari, penye rasi ya Luvumba, karibu damu imwagike. Watu walikuja pwani na silaha na hasira. Sababu yao ilikuwa hii: miaka michache mbele, mgeni mmoja, Mbaluchi wa msafara wa biashara, alimfunga na kumpiga kijana wa mkubwa wao mpaka akafa. Sasa wanaona tena wageni wanashuka na bunduki. Livingstone alipandisha mkono wa kanzu, akawaonyesha ngozi yake, akawauliza kama mtu wa rangi hii amewahi kuwatendea ubaya. Akasema polepole, hakupiga kelele. Hasira ikapoa kidogo, nao wakaondoka upesi wakavuka ziwa.

Tulizungumza sana juu ya habari hii chumbani kwetu. Wengine walisifu hekima ya mzee. Wengine walisema: lakini katika vitabu watu wa Ubwari wanaitwa washenzi, na wao walikuwa na kilio cha mtoto wao. Hatukumaliza mabishano. Yule ambaye jamaa yake imekimbia kijiji anafahamu namna gani macho yanavyowatazama watu wanaoshuka pwani bila kujulikana.

Neno lingine la Ubwari: Burton aliandika kwamba ni kisiwa. Si kisiwa, ni ncha ndefu ya nchi inayoingia ziwani, na maji yaliyo kati yake na Baraka yanaitwa katika karte mpaka leo Ghuba ya Burton. Alipita upande mmoja tu, akaona maji mbele na nyuma, akaandika "kisiwa". Kama angelala Baraka usiku mmoja na kuuliza mtu anayekwenda kwa miguu Ubwari, angepata ukweli bila kulipa.

Mlango wa kweli

Livingstone aliporudi Ujiji alikubali kwamba Rusizi unaingia, lakini alisema: ziwa kubwa namna hii, lenye maji matamu, ni lazima liwe na mlango pahali fulani. Hapo aliwaza sawasawa. Mlango uko mmoja tu, mto Lukuga, karibu na Kalemie. Cameron aliuona mwaka 1874 (na Bombay alikuwa tena kapita wa msafara wake). Stanley alifika mwaka 1876 na mashua yake Lady Alice, akakuta Lukuga imezibwa na mafunjo na udongo, maji karibu yamesimama. Mwaka 1879 Edward Hore, baharia wa London Missionary Society, akaona Lukuga inakwenda kwa nguvu. Ziwa lilikuwa limejaa mpaka likavunja kizibo chake. Katika miaka iliyofuata maji yalishuka karibu mita 10.

Bwana Hore huyu ndiye alileta jamaa kamili katika safari za huku. Mke wake Annie na mtoto wao mdogo Jack walitoka pwani ya bahari pamoja naye na msafara, wakafika Ujiji mwezi wa kwanza mwaka 1885. Mama Annie alikuwa amekaa katika kiti cha magurudumu ambacho wapagazi walikifunga miti na kukibeba, na mtoto alibebwa vilevile. Walilala katika hema miezi karibu mitatu. Kiisha walikaa katika kisiwa cha Kavala, upande huu wa magharibi. Mama Annie aliandika kitabu juu ya safari ile, kikatoka mwaka 1886. Wale wapagazi waliobeba kiti hawakuandika kitu. Tungependa sana kujua wao walisema nini jioni penye moto.

Fahamuni vizuri hesabu ya ziwa hili, sababu ndiyo inatupiga leo. Maji yanaingia kwa mito mingi na kwa mvua. Yanatoka kwa Lukuga peke yake, tena kidogo. Sehemu kubwa inapandishwa na jua na upepo kuwa mvuke. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka kadhaa, maji hayana pa kwenda, ziwa linapanda. Lilipanda sana mwaka 1964. Mwezi wa nne mwaka 2020 mito ya hapa Uvira ilifurika, Mulongwe ikabomoa nyumba na kuua watu. Mwaka 2021 na tena 2024 ziwa lenyewe lilipanda, maji yakaingia katika nyumba za pwani huku kwetu na ngambo ya Bujumbura. Jamaa zilitoka na vitanda juu ya vichwa.

Wakati ule tulisikia wazee wakisema: "Pale maji yalifikaga zamani, tuliwaambia msijenge." Tulisikia vilevile vijana wakijibu kwamba wazee wanasema ovyo. Wazee wa leo waliokuwa watoto mwaka 1964 wanazidi kupungua.

Kazi ya vakanse

Bwana Prefe wa masomo na mwalimu wa jeografi wamekubali kazi hii. Kila mwanafunzi atakayesafiri kandokando ya ziwa, achukue kaye moja ndogo na biki. Kila pahali jamaa yake inalala, aandike jina la pahali, tarehe, na mito iliyovukwa siku ile, na kila mto unaelekea wapi. Asiandike "nilisikia" pahali ambapo alikuwa anaweza kwenda kuona. Asiandike "niliona" pahali ambapo aliambiwa.

Mwenye kubaki Uvira naye ana kazi. Atafute mzee mmoja wa kartiye yake, mwanaume ao mwanamke, amsalimu kama inavyofaa, akae chini, amwulize: Baba, ao Mama, maji ya ziwa yalifika wapi mwaka ule mkubwa? Kwa mti gani, kwa jiwe gani, kwa nyumba ya nani? Kama mzee anasema kwa Kivira, Kifuliiru, Kibembe ao Kijoba, aandike kwanza maneno yenyewe kama yalivyosemwa, ndipo aweke Kiswahili chini yake. Kiisha aende pale kwa miguu, ahesabu hatua toka pale mpaka ukingo wa maji wa leo.

Na haya ni maulizo ya kujibu kwa mwaka wa tatu na wa nne, mbele ya kufunga shule. Kivu iko kimo cha karibu mita 1,460, Tanganyika karibu mita 770: kwa hesabu hii peke yake, ungeweza kusema Rusizi unaelekea wapi bila kutoka kalasini? Juu gani Burton hakuweza kufanya hesabu hiyo mwaka 1858? Maji ya mvua yanayoanguka leo juu ya paa la shule yetu, yakifika ziwani na kupata bahati ya kutokupanda kuwa mvuke, yatapita mito gani mpaka bahari, na ni bahari ipi?

Kaye zote zipelekwe kwa makapita wa kalasi wiki ya kwanza ya kurudi. Tutachora karte moja kubwa ya pwani, toka mlango wa Rusizi mpaka Baraka, na kila alama ya maji itaandikwa pamoja na mwaka wake na kartiye yake. Karatasi nene ya kuchorea tumekwisha kupata. Wino wa rangi ya buluu bado.